Ametamalaki, Hata Machimboni?

Jumanne, 6 Mei
Jumapili ni zamu yangu kuwafundisha kina mama. Zaburi ya tisini na tatu. Nimeisoma mara tatu, cherehani imesimama. Bwana ametamalaki, mito inanguruma naye yu juu yake. Rahisi! Nimeshaandika pointi mbili.
Mume wangu alikuwa anafunga buti. "Mwalimu, mwambie huyo Mfalme atupunguzie mvua, machimbo yamelowa chapachapa." Tukacheka. Akaenda kuchonga mawe yake.

Jumatano, 7 Mei
Ukuta wa machimbo umeporomoka. Saa nne asubuhi. Wawili wamefukiwa — mume wangu na mwenzake, Kifupi.
Siwezi kuandika.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeshinda kwenye uzio. Mashine imekwama kwenye tope, wanachimba kwa sepetu. Msimamizi hanitazami usoni. Anasema tu, "Subirini, dada zangu," basi.
Mama mkwe kaja na shuka na Biblia. Kaniambia nimsomee hiyo ya Jumapili. Nilipofika "ametamalaki" sauti ikakatika. Anatawala nini? Udongo? Kiti chake cha enzi hakitikisiki, mbona ukuta umetikisika? Nikayasema kwa sauti, watu wakageuka!
Nilijua atanikemea. Akanifunika shuka mabegani. "Yule nimemzaa mimi. Kama hatawali, nimlilie nani? Udongo hausikii."
Nilimwonea wivu, ana pa kulilia.

Ijumaa, 9 Mei
Wamepenyeza bomba la chuma mpaka chini. Wakagonga. Wakagongewa! Mke wa Kifupi akanirukia shingoni, tukaanguka matopeni. Ana mimba ya miezi saba, nikamwinua taratibu.
Kisha msimamizi akaja, kofia mkononi. Bombani wanasikia pumzi za mtu mmoja. Mmoja tu.
Tangu hapo hatujashikana tena, mimi na mwenzangu.
Nimeomba. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma — nimeomba awe wangu. Maana yake ninaijua. Sikulitaja jina la Kifupi, lakini Mungu si mtoto, ameelewa. Na mke wa Kifupi kafumba macho, midomo inacheza. Najua anaomba nini. Wawili mbele ya kiti kimoja! Ni mfalme wake pia. Hilo halimo kwenye pointi zangu. Mimi nilikuwa natafuta mtumishi wa nyumba yangu, nikamwita mfalme.
Nimejaribu kuomba upya, kwa ajili ya wote. Nimeshindwa. Nikalia tu.

Jumamosi, 10 Mei
Saa tatu asubuhi. Nimeegemea gurudumu la lori. Yule wa chini anaguna tu, hatamki jina. Pumzi zinapungua. Msimamizi anataka mke aje amwite bombani, huenda akapata nguvu ya kujibu. Mke yupi? Hakusema. Katutazama kwa zamu.
Mama mkwe kanisukuma bega — nenda! Nimeng'ang'ania gurudumu. Nikiita asijibu, je? Mke wa Kifupi naye kaganda, mikono tumboni.
Nimemwambia, "Twende wote. Anza wewe."
Kanitazama kama nimerukwa na akili. "Mimi?"
"Wewe."
Sijui neno hilo limetoka wapi. Mimi silitaki hata sasa! Kanishika mkono, wake wa baridi kabisa. Msimamizi anafuta tope kwenye mdomo wa bomba kwa kofia yake. Anatuita —