Mitopetope Yangu na Neno "Nimempa"

Nyabiyonza, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Niwie radhi, shajara, kwa miezi hii yote ya kimya. Sikuwa mgonjwa. Niliona aibu kushika kalamu, kwa kuwa lililonipata limetokana na mwandiko wangu mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yangu, pembeni mwa migomba, nilipanda mitopetope mitano. Ilichanua miaka miwili bila kuzaa. Ndipo nilipojifunza kuchukua unyoya wa kuku, kukusanya unga wa ua lililofunguka jana, na kuupaka ndani ya ua linaloanza kufunguka leo. Majirani walicheka: "Mwalimu anayaozesha maua!" Lakini matunda yalikuja. Kazi hiyo nilimfundisha mtu mmoja tu, Laurenti, munywani wangu. Tulichanjana, tukala buni iliyopakwa damu, kila mmoja ya mwenzake. Hapa kwetu huyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

Nilipohamishiwa shule ya Bukoba nilimwachia miti hiyo aiangalie. Ili watu wasimsumbue, wala mkungu, mkuu wa kijiji chetu, asimwulize, nilimwandikia karatasi: "Nimempa Laurenti mitopetope na mahali ilipo."

Nimempa.

Nilikusudia "nimemkabidhi". Mimi, niliyewasimamisha watoto darasani kwa kukosea herufi moja!

Miezi michache iliyopita nilirudi, nikakuta mstari wa milamula, mimea tunayoipanda mpakani, ukipita kati ya nyumba yangu na mitopetope. Nilimwuliza Laurenti ni nani aliyeipanda. Akacheka.

"Ni mimi, munywani wangu. Si wewe uliyetufundisha kusoma? Kalamu yako imesema umenipa. Hata mkungu ameisoma."

"Unajua nilikusudia nini."

"Mwalimu, ulituambia siku zote kwamba mtihani hausahihishwi kwa makusudio."

Niligeuka nikaitazama miti.

Sharti nikiri jambo moja: ameitunza kuliko nilivyoitunza mimi. Matawi yameinama kwa uzito. Anatumia unyoya vilevile nilivyomwonyesha, kwa mkono mwepesi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mke wangu hana subira. "Baba Adela, umewafundisha watu Kiswahili, leo kimekung'ata! Nenda barazani kwa mkungu Ijumaa, useme mbele ya watu kwamba huyu ni mwizi."

Lakini munywani hamshitaki munywani. Wazee husema ile buni huvimba tumboni mwa avunjaye kiapo. Mimi ni Mkristo niliyebatizwa, na hata hivyo leo nimejishika tumbo mara mbili. Na nikinyamaza, Ijumaa mkungu atauthibitisha mpaka ule, na miti yangu itakuwa imekwenda.

Jana Laurenti alileta kikapu cha matopetope matatu, akamkabidhi mke wangu mlangoni. "Mpelekee munywani wangu aonje." Kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Nikiyala, nitakuwa nimepokea zawadi kutoka kwenye shamba lake, na kijiji kizima kitajua. Nikiyarudisha, nitakuwa nimeuvunja unywani wetu kabla hata ya baraza.

Kikapu kiko mezani. Asubuhi hii tunda moja limeanza kubonyea. Hayatafika Ijumaa.

Nikiisha kuamua, nitaandika.