Vitunga Visivyo na Kitako

Walikale, 27 Juni 1954

Kwa dada yangu mpenzi Vénantie,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba mdogo Kanamugire na ng'ombe wote, hata yule wa pembe moja asiyenipenda. Ukiuliza hali yangu, mimi sijambo, ila mafua ya msituni hayaniachi.

Dada, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Vakansi hii ya shule siji nyumbani. Padri wa michezo ametubakiza kumi hapa koleji ili tujiandae kwa msimu mpya wa basketi. Mwaka jana tulipigwa na kila timu iliyokanyaga kiwanja chetu, na wale wa Bukavu walituaibisha mbele ya wakubwa wote wa Walikale. Padri Mkuu amesema tukishindwa tena, kiwanja kitalimwa mihogo. Basi asubuhi tunakimbia hadi mto Lowa na kurudi, mchana tunabeba udongo wa kichuguu na kuushindilia kiwanjani mpaka uwe mgumu, jioni tunatupa mpira mpaka hatuonani. Kapiteni wetu ni Théogène, mtoto wa wakulima wa kwetu Masisi. Mimi ananiita Mrefu, nami namwita Kisiki kwa sababu hasukumiki.

Nina ombi moja. Tuna pete mbili za chuma, mhunzi amezipigilia kwenye mbao juu ya nguzo. Mpira ukipita kwa kasi tunagombana: umeingia, haukuingia. Hatuna wavu, na huku hakuna anayesuka kama wewe. Nisukie vitunga viwili, midomo yao iwe mipana kama ungo mdogo, lakini visiwe na kitako. Mpira uingie juu, utoke chini.

Na habari ya ng'ombe ambaye watu wa Polycarpe watamleta kukuposa, Baba mdogo ampokee kwa niaba yangu. Maneno ya kusema siku hiyo anayajua kuliko mimi.

Nimekukumbuka sana. Maziwa nayo nimeyakumbuka.

Mdogo wako,
Makuza


Masisi, 18 Julai 1954

Mdogo wangu Makuza,

Milele na milele, amina. Sisi huku tu wazima. Mvua imekata, majani yamepungua kidogo, na yule wa pembe moja amezaa. Mafua yako yanywee maji ya moto, usijifanye mwanamume.

Nilimsomea Baba mdogo barua yako. Akasema, "Tulimutuma akasome, sasa iko anabeba udongo? Udongo haiko huku kwetu?" Nikacheka, naye akakasirika. Ndipo akasema lile unalolijua: "Fimbo ya mukubwa yangu mie siwezi kuikamata. Ngombe ya binti inapokelewa na kaka yake. Na mwenye anashika ile fimbo njo mwenye lupango, nyumba na ngombe yote. Mwambie akuje."

Ndivyo ilivyo, Makuza. Tangu Baba afariki, fimbo yake ya kuchungia imeegemea ukutani na hakuna aliyeigusa. Polycarpe amehangaika miaka miwili kwa useremala pale misioni mpaka ng'ombe akapatikana. Kila Jumapili baada ya misa ananisalimu kwa mbali na kwenda zake. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza. Watu wake watakuja Jumamosi, tarehe 21 Agosti. Nataka kuolewa, sioni haya kukwambia. Nawe nataka kukuona. Nilikulea tangu Mama atuache, ukiwa hujui hata kufunga vifungo vya shati. Sasa sura yako imeanza kunipotea, nakumbuka masikio tu.

Kuhusu vitunga, nilianza kimoja kama ulivyosema, shangazi Mukashema akaninyang'anya. "Kitunga yenye haina chini ni ya nini? Unatukana mama yako mwenye iko kaburini?" Mama alitufundisha kwamba kitunga hutoka nyumbani kimejaa, na huko kiendako hakirudishwi kitupu. Kisicho na kitako utakijaza nini? Mkono wangu ulikataa. Nimesuka viwili vyenye kitako, imara, nimetia maharagwe na mtama, na shofa anayeendesha kamio la mizigo amekubali kuvibeba. Ule, ucheze, kisha uvirudishe. Usinitilie matunda ya msituni. Virudi na wewe.

Dada yako,
Vénantie


Walikale, 8 Agosti 1954

Dada Vénantie,

Salamu nyingi katika Bwana. Sijambo, na mafua yamekwisha kwa maji ya moto, sitabisha. Mnionee ndama wa yule wa pembe moja kama naye ana hasira.

Maharagwe yalipikwa na Théogène, hata Padri aliomba sahani ya pili. Kitunga kimoja tulikitundika tuone. Mpira wa kwanza niliutupa mimi, ukaingia, ukakaa humo kama kuku anayeatamia. Mchezo ukasimama. Théogène akapanda nguzo kuutoa, akateleza, akamwangukia Padri. Tulicheka mpaka tukalia! Mwishowe tukawa tunaruka na kukipiga kitunga kwa chini ili mpira utoke, na Padri akasema zoezi hilo linashinda yote aliyofundishwa Ulaya. Baadaye mmoja wetu akaleta kisu akate kitako. Nilimshika mkono. Sikuweza kumweleza sababu kwa Kifaransa, wala kwa lugha nyingine. Vitunga vyako viko chini ya kitanda changu.

Kuhusu tarehe 21, Padri amekataa. Anayetoka kabla msimu haujafunguliwa anarudisha fulana yake, anapewa mwingine. Utasema fulana ni kitu gani. Dada, mwaka wangu wa kwanza huku nilikuwa mchunga ng'ombe tu, nikipita wenzangu wanalia kama ndama. Sasa nikishika mpira wananiita kwa jina langu. Tena msitu huu unanifunga macho, kila ukitazama mbele ni mti. Pale kiwanjani tu ndipo naiona mbingu kama ya kwetu.

Waombe wangoje kidogo. Polycarpe ni mtu mpole.

Mdogo wako,
Makuza


Masisi, 29 Agosti 1954

Makuza,

Salamu nimezipokea. Tu wazima.

Barua yako ilifika baada yao. Walikuja ile Jumamosi kama walivyoahidi, wazee wanne na Polycarpe nyuma yao, na ng'ombe jike mwekundu, mzuri, amefungwa maua shingoni. Bibi harusi hatoki, kwa hiyo nilichungulia kupitia matete ya lupango. Shangazi alikuwa ametandika mikeka. Baba mdogo aliwakaribisha, akawapa pombe ya ndizi, akaongea habari za malisho, na malisho, na malisho tena. Fimbo ilikuwa pale ukutani na kila mtu alijifanya haioni. Mvua ikanyesha. Ng'ombe akalowa na maua yake. Hatimaye baba yake Polycarpe akasimama, akasema, "Tutarudia siku mwenyewe akikuwako." Wakaondoka na ng'ombe wao kwa adabu kubwa, na ile adabu ndiyo iliyoniliza. Afadhali wangetutukana.

Wamenipa siku nyingine moja, Jumamosi tarehe 30 Oktoba, ili padri atufungishe ndoa kabla ya Adventi. Ikipita hiyo, baba yake Polycarpe ameshamwona msichana mwingine huko Shasha. Polycarpe ameniambia hili mwenyewe, akitazama viatu vyake.

Sina la kuongeza. Polycarpe ni mpole, kweli, lakini upole wake si mali yako wewe kuutumia.

Dada yako,
Vénantie


Walikale, 26 Septemba 1954

Dada yangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Afya ninayo, usingizi sina.

Msimu unafunguliwa Jumapili ya Kristu Mfalme, tarehe 31 Oktoba, na wanaokuja ni Bukavu. Ndiyo, ni kesho yake baada ya siku yako. Kabla sijaandika nimekaa na barua yako tangu ilipofika.

Nitakuja. Nimemwambia Padri na fulana nimemwachia mezani. Théogène alisikia, akaniambia, "Enda, Mrefu. Dada haiko wa kubadilisha." Ijumaa tarehe 29 Oktoba nitapanda kamio, nami nitavileta vitunga vyako mwenyewe. Mwambie shangazi atandike tena mikeka.

Mdogo wako,
Makuza


Masisi, 14 Novemba 1954

Mdogo wangu Makuza,

Yesu akulinde. Natumaini u mzima. Tangu shofa aliponiambia alikupakia Ijumaa ile na kwamba ulishuka njiani kwa miguu yako mwenyewe, nimelijua hilo moja, kwamba huumwi. Jingine silijui, nami sikuulizi.

Nakuandikia nikiwa kwa mume wangu.

Tulikungoja. Shangazi alitandika mikeka, wazee wakaja, ng'ombe mwekundu akaja na maua mapya. Baba mdogo alisimama kwenye mlango wa lupango akitazama barabara mpaka nikamhurumia. Kisha akakaa, akaanza habari za malisho. Nilipomsikia anasema "malisho", Makuza, sikungoja tena. Nikatoka nyuma ya matete na nguo zangu za kushindia nyumbani, bila kiatu, nikaenda ukutani, nikaishika fimbo ya Baba. Ilikuwa nyepesi. Miaka yote nilidhani ni nzito.

Nikamwendea ng'ombe, nikaiweka fimbo mgongoni mwake kama Baba alivyokuwa akifanya, nikasema, "Ngombe tumemuona. Tumemupokea. Mwenye kumupokea ni mie, Vénantie." Baba yake Polycarpe alimtazama Baba mdogo, na Baba mdogo akatazama chini. Polycarpe ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha furaha, sijawahi kumsikia. Ndipo shangazi Mukashema akapiga vigelegele, yeye aliyeogopa kitunga! Baba mdogo akasema, "Basi, njo hivyo," akaomba pombe. Tarehe 6 tukafunga ndoa.

Nina furaha, ujue hivyo. Lakini nilitembea kwenda kanisani nikigeuka nyuma kila mara, mpaka Polycarpe akaniuliza kama nimesahau kitu.

Nyumba ya kwetu imefungwa. Ng'ombe wako kwa Baba mdogo, na yule mwekundu pia. Fimbo nimekuja nayo, iko nyuma ya mlango wangu. Haikuiti. Imekaa tu.

Pamoja na barua hii pokea ulichoniomba tangu Juni. Nimevisuka mwenyewe na shangazi akiniangalia. Havina kitako, mpira utapita. Vile vya kwanza nilikwambia uvirudishe na wewe ndani yake. Hivi havidai kurudi. Cheza, Makuza.

Dada yako,
Vénantie


Walikale, 28 Novemba 1954

Kwa dada yangu Vénantie, na kwa shemeji Polycarpe,

Nawasalimu wote wawili, na ni mara ya kwanza naandika majina yenu pamoja. Mungu aibariki nyumba. Mimi ni mzima wa mwili.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Kamio lilipofika pale msitu unapoachia na milima ya kwanza inaonekana, kulikuwa na ng'ombe kwenye mteremko, na harufu ya moshi wa kwetu. Nilianza kulia mbele ya wanawake wa soko. Nikajua nikifika, nikaishika ile fimbo mbele ya wazee, sitarudi koleji kamwe. Si kwa sababu Baba mdogo angenizuia. Ni kwa sababu nisingetaka kurudi. Nikamwambia shofa asimame. Nilirudi kwa miguu, nikafika Jumapili mchana, wakati wenzangu wanavaa. Padri alinitazama miguu, akanipa fulana. Tulishinda Bukavu kidogo tu. Kiwanja hakitalimwa. Wenzangu walinibeba juu, nami nilikuwa nawaza kwamba saa ile ng'ombe wako ameshageuzwa kurudi kwao.

Kumbe ulikuwa umekwisha kumpokea bila mimi. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi, nikaona haya, kisha nikaona fahari, na mpaka leo sijui ipi imezidi.

Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya Goma, na vitunga vyako vipya viko juu. Mpira wangu wa kwanza ulipita katikati, majani yakalia kidogo, ukaanguka chini. Watu wote walishangilia. Mimi nilisimama nikitazama kitungani kama mjinga, nikitafuta maharagwe.

Vile viwili vya kwanza navirudisha kwa shofa yuleyule. Kimoja kina samaki wa Lowa waliokaushwa na chupa ya mawese, najua ulikataza vitu vya msituni. Kingine kina ile fulana. Padri ameniambia Noeli naweza kwenda, na msimu mpya nitapewa nyingine. Ulitaka virudi na mimi ndani. Nilijaribu, sikuenea.

Noeli nitafika kwako. Sijui njia ya kwa Polycarpe, nitauliza misioni. Nitagonga mlango kama mgeni. Ukinifungulia, dada, usinioneshe fimbo kwanza. Nipe maziwa.

Mdogo wako,
Makuza