Kofia ya Babu Yako Imetoka Kijani

Uzgen, siku ya soko

Mjukuu wangu Zamirbek,

Sisi wazima, na yule farasi mwekundu amezaa. Sasa nijibu: hiyo printa uliyonitumia kutoka Urusi uliichagua umefumba macho?

Maharusi ninaowachapia picha inawatoa vizuri, mashavu mekundu kama nyanya. Lakini nimechapa picha ya babu yako ya nyeusi na nyeupe, ile ya kutundika, na kofia yake nyeupe imetoka kijani. Nimerudia mara sita. Kijani! Jirani yangu Burulcha akacheka: "Mama Saikal, mzee ulimzika au ulimpanda?" Nimemfukuza, chai hajamaliza.

Fundi Aizirek wa sokoni anasema printa yako ina wino mweusi mmoja tu, kwa hiyo kijivu inakipika kwa kuchanganya rangi nyingine. Ya kununua ni yenye mweusi pamoja na wino wa kijivu wa aina mbili. Hiyo hata maharusi inawatoa. Mimi wa darasa la nne nimeelewa. Wewe wa chuo kikuu je?

Karamu ya kutimiza mwaka tangu babu yako afariki ni mwezi ujao. Watu mia mbili wanakuja, na ukuta uko mtupu.

Usinitumie nyingine kwa basi. Ilete mwenyewe. Siku ya kumzika hukuja, sikukulaumu. Msumari nimeshaupigilia. Ukija bila printa, njoo tu, utasimama wewe chini ya msumari, maana sura yake unayo.

Bibi yako aliyekasirika,
Saikal