Babu Hakutaka Kukaa

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Mlango wa kijani uleule,
Jumamosi alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe, bwana yako, na yule mdogo wangu ambaye sijamwona ila kwenye picha, amekunja uso kama mtu aliyenyimwa haki yake. Mwalimu wetu anasema barua isiyouliza hali ni kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi, kwa hiyo naanza kwa kuuliza. Kile kikohozi kimekwisha? Mtoto ameanza kutambaa? Bwana yako bado anafanya kazi zamu ya usiku?

Sisi huku hatujambo. Magoti ya Bibi yanamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini hayamsumbui akienda kwa jirani kusikiliza habari. Baba na Mama ni wazima. Shule tumefunga, na mimi nimechaguliwa kuwa katibu wa chama cha mdahalo, jambo ambalo lina uhusiano na haya ninayokuandikia.

Nina swali moja la kukuuliza. Nimeliweka mwishoni, kwa sababu ukilisoma sasa utaliona la ajabu. Ila nisikutie wasiwasi: hakuna anayeumwa wala aliyetutoka. Ni habari ya wewe kuja nyumbani.

Unajua kwamba mwishoni mwa mwaka Bibi na Babu watatimiza miaka hamsini ya ndoa, na kutakuwa na ibada ya shukrani. Bibi alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema hataki nguo wala vyombo, anataka watoto wake wote wawili wakae benchi moja. Kisha akamtazama Babu. Babu akaitazama chai.

Sina haja ya kukueleza msimamo wake, maana uliusikia kabla yetu sote. Tangu ulipoolewa, ukaingia kanisa la bwana yako na kubatizwa upya mtoni, anasema neno lilelile: "Nilimbeba mwenyewe hadi mbele ya mchungaji. Kwa hiyo maji yale ya kwanza yalikuwa ya nini, ya kunawa?" Jina lako halitaji. Husema, "Yule wa mbali ameandika?" Naye Bibi humjibu, "Yule wa mbali ameandika, anamsalimu yule wa karibu."

Sasa nikupe habari za Mkutano Mkuu.

Mwaka huu presbiteri yetu, yaani makanisa yote ya eneo hili, ilimchagua Babu kuwa mmoja wa wazee wa kanisa watakaotuwakilisha huko. Ungemwona alivyojiandaa. Suti ilianikwa juani, viatu vikapigwa rangi, penseli ikatolewa nyuma ya sikio. Bibi aliirudisha ndani penseli hiyo mara mbili, nayo mara mbili ikajikuta sikioni. Lakini hakwenda kwa ajili ya suti. Kulikuwa na hoja kwamba makanisa yaruhusiwe kuondoa mabenchi ya mbao na kuweka viti vya plastiki. Mabenchi ya kanisa letu aliyatengeneza yeye, na unakumbuka lile la mbele ambalo ulichora ua kwa msumari ukiwa mdogo. Ua lipo mpaka leo. Kila akipaka vanishi hulizunguka.

Mkutano ulirushwa moja kwa moja kwenye simu. Simu ya Mama ina sauti ndogo, basi Bibi akaitumbukiza ndani ya sufuria tupu, ikavuma vizuri, ingawa wajumbe wote walisikika kama watu walioangukia kisimani. Yeye alikaa na mfuniko mkononi. Mjumbe akianza kuzungukazunguka, Bibi anamfunika. Kuna mchungaji mmoja alitoa taarifa yake karibu yote akiwa amefunikwa.

Shangazi, tatizo lilianza pale Babu alipoingia ukumbini akakuta viti vyote ni vya plastiki. Alikuwa amekwisha kuapa mbele ya karakana nzima kwamba hatakalia plastiki maadamu Mungu amempa miguu. Akaenda kusimama nyuma, ukutani. Lakini kwa taratibu za mkutano, mjumbe akisimama, maana yake anaomba kusema. Na Moderata, ambaye ndiye mwenyekiti wa mkutano wote, ni mtu wa haki sana. Kila taarifa ilipomalizika, tulimsikia ndani ya sufuria akisema, "Namwona mzee amesimama kule nyuma. Karibu, mzee wetu."

Naye Babu alilelewa vizuri, hawezi kumkatalia Moderata.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya taarifa ya chuo cha wachungaji, iliyochukua karibu asubuhi nzima. Babu akasema, "Mheshimiwa Moderata, mimi sina neno, ila kwa kuwa umeniita, namshukuru ndugu kwa taarifa yake fupi." Ukumbi ulicheka mpaka sufuria ikatetemeka. Babu hakuwa anatania. Kule nyuma alikuwa hasikii vizuri, na alidhani ndiyo kwanza imeanza ikakoma.

Ilipokuja habari ya kitabu kipya cha nyimbo akaitwa tena. Akasema nyimbo ni nzuri, herufi ni ndogo. Wakampigia makofi. Kwenye taarifa ya uhamisho wa wachungaji akasema, "Wahamishwe, lakini polepole." Makofi tena, hasa ya wachungaji. Kufikia chakula cha mchana mtangazaji alikuwa anamwita Mzee Asiyechoka.

Bibi aliuweka mfuniko chini. "Miaka yote hii nimeishi na mtu wa maneno matatu kwa siku," alisema. "Kumbe mengine alikuwa anawawekea Wapresbiteri."

Mchana ikaja hoja ya viti. Aliyeitoa ni mchungaji kijana, na nisiwe mnafiki, alizungumza vizuri. Alisema mabenchi ni mazito, akina mama wanaumia wakiyasogeza, na kanisa linashindwa kutumika kwa masomo ya watoto siku za kazi. Mama alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka yuko nyumba ya nani, akaacha.

Babu hakuhitaji kusimama, alikuwa amesimama tangu asubuhi. Maneno yake niliyaandika, nayo ni haya: "Waheshimiwa, benchi linafundisha watu kusogeleana. Mtu akichelewa, waliokaa wanasogea, na yeye anapata nafasi. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Kiti cha plastiki kila mtu ana mipaka yake. Aliyechelewa atasogelewa na nani?" Bibi hakugusa mfuniko.

Kura zikapigwa, akashindwa, tena kwa mbali.

Mimi nilidhani atatoka nje kwa hasira. Lakini kumbe kuna desturi katika mikutano hii ambayo mimi, katibu mzima, sikuijua. Mtu aliyeshindwa anaweza kuomba iandikwe kwamba yeye hakukubali. Ikishaandikwa, hakuna wa kumlazimisha abadili moyo, na yeye naye anatekeleza uamuzi kama wengine, bila kununa. Babu akasema, "Naomba kutokubali kwangu kuandikwe." Karani akaandika. Moderata akaomba majina ya kamati ya kuchagua viti hivyo, akatupa macho ukumbini, akamwona mtu mmoja tu amesimama. Ndivyo Babu alivyoingia kamati ya viti vya plastiki.

Alirudi nyumbani na kiti cha mfano begani. Kila jioni anakikalia barazani, anasogea kushoto, anasogea kulia, anakisikiliza. Baba akapita akamwambia, "Mzee, mbona kiapo?" Babu akajibu, "Sijakaa. Niko kazini."

Na tangu arudi, nyumba hii inaendeshwa kwa taratibu za Mkutano Mkuu. Baba akiomba chai ya pili, Babu anauliza, "Nani anaunga mkono?" Mama akisema mlango wa choo umeharibika, anaambiwa alete taarifa. Mwanzoni tulicheka. Kisha usiku mmoja, wakati wa chakula, nikaona kwamba mlango wa hoja umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, kazi yangu ni kuingia tu.

Basi watu walipokaa mezani, mimi sikukaa.

"Kaa ule," Babu akasema.

"Nimesimama, Babu."

"Nakuona umesimama, chakula kinapoa."

"Mheshimiwa Moderata," nikasema, "aliyesimama hupewa nafasi."

Baba alikohoa ndani ya glasi. Babu akaona amenaswa na kamba aliyoisokota mwenyewe. "Karibu," akasema.

"Natoa hoja kwamba..."

"Naunga mkono," akasema Bibi.

"Mama, hajaitoa bado," Babu akasema. Huwa anamwita hivyo akiwa mashakani.

"Naunga mkono hata kabla haijatolewa. Endelea, mjukuu wangu."

Nikasema natoa hoja kwamba Shangazi, bwana yake na mtoto wao waalikwe kwenye ibada ya shukrani, na wakae nasi benchi la mbele, lile lenye ua. Nikasema kuna mjumbe mmoja mwenye busara aliyeuambia Mkutano Mkuu kwamba mtu akichelewa, waliokaa wanasogea, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Nikasema Shangazi amechelewa tu, na mimi naomba tusogee. Kisha nikakaa.

Babu alisema hoja hiyo ni nzito, ipelekwe kamatini. Baba akauliza, "Kamati gani?" Akajibiwa, "Ya wazee." Bibi akasema, "Mzee wa kanisa humu ndani ni wewe peke yako, utakutana na nani, na randa?"

Ikabidi kura ipigwe. Bibi alinyoosha mikono yote miwili. Mama alinyoosha upawa. Baba, unamjua kaka yako, alitazama dari kwanza kama anayetafuta mahali panapovuja, kisha mkono wake ukapanda polepole, na haukushuka. Mimi nilinyoosha wangu nikiwa nimefumba macho, na nilipoyafumbua Babu alikuwa amekwisha kusimama.

"Naomba kutokubali kwangu kuandikwe."

Nikaandika nyuma ya ratiba ya mkutano. Bibi akasema niandike kwa herufi kubwa, asije akalalamika kama kitabu cha nyimbo. Babu akasoma, akaitikia, akamaliza chakula chake. Hakununa.

Hayo yalipita. Juzi nikasikia msumeno karakanani, na leo asubuhi nilipompelekea chai nikamkuta amezungukwa na mbao ndefu, zile nzuri alizokuwa anamwekea mteja asiyemtaja. Kile kitanda chako cha usichana amekifungua chote, vipande vimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza anatengeneza nini. Akasema kitanda cha mtu mmoja hakilali watu wawili, hata mtoto mdogo wa shule anajua hesabu hiyo.

"Kwa hiyo umekubali, Babu?"

"Sikukubali. Si imeandikwa?" Alichomoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akaonekana kama mtu anayezungumza na penseli. "Huyu bwana wa mtoni ana urefu gani?"

Nikamwambia sijui.

"Basi muulize binti yangu," akasema. "Mtu hawezi kuja kwangu akalala miguu inaning'inia."

Ndilo swali langu, Shangazi. Tafadhali mpime bwana yako, kisigino hadi utosi, amesimama wima, unijibu haraka, kwa sababu mbao ni hizo na Babu hataki kukata mara mbili. Amesema usipunguze.

Bibi anakusalimu sana, na anasema mtoto aje na sweta. Baba na Mama wanakusalimu. Babu hakusema nikusalimu, lakini tangu mchana amepita hapa dirishani mara nyingi kuuliza kama barua imefika mwisho.

Mungu awatunze njiani na awalete salama, maji ya kwanza na ya pili yote ni yake.

Mimi nikupendaye, ninayekuwekea nafasi upande wa ua,

Chiriku wako

(Sasa ni Katibu Chiriku.)