Mawe ya Tlawi Yaliyosuguliwa

Shikamoo Mama,

Huku Tlawi baridi inang'ata masikio, lakini leo nacheka peke yangu kama chizi! Si unajua nilikuja kuwasaidia wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi? Tulitengeneza kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha badiliko la kikemikali. Tuliokota mawe mepesi yenye vitundu kule Hanang, tukayanywesha maji ya zambarau ya pamanganeti, tone kwa tone, mpaka yakashiba. Tukayaanika, kisha tukayachoma kwenye mkaa ili madini yashike ndani ya vitundu. Yakawa meusi, yanapendeza!

Asubuhi nikayakuta uani yanachuruzika maji. Mama Paskali, mwenye nyumba wangu, ameyasugua yote kwa sabuni na stiliwaya!

"Mwalimu, mgeni wangu hatoki hapa na vitu vichafu mbele za watu."

Nilitaka kulia, Mama, nikidhani madini yote yameoshwa. Wazazi walikuwa wameshaanza kuingia shuleni.

Nikaenda nayo hivyo hivyo. Kwenye dawa ya kusafishia vidonda, ile haidrojeni peroksaidi, nikatia kwanza jiwe tupu lisilonyweshwa kitu: kimya. Nikatia letu. Mama wee! Povu likapanda, likafurika mezani, wanafunzi wakapiga vigelegele. Madini hayakubanduka hata kidogo!

Mama Paskali, aliyekaa mstari wa mbele, akawageukia wenzake: "Si mnaona? Niliyaosha mimi."

Nakuletea jiwe moja, Mama. Lisugue utakavyo. Wasalimie wote, nawe ujifunike vizuri kana kwamba baridi hii iko huko.

Mwanao,
Rehema