Salamu Nilizozitunga

Mama,

Ni mimi Esperanse. Uliponiona mwisho nilikuwa bibi ya mutoto wako Dezire. Tangu Jumanne siko tena. Juji alitutenganisha, na nilitaka wewe usikie neno hilo kwangu.

Unakumbuka Dezire alienda Ubelgiji mutoto wetu Furaha akiwa bado anatambaa. Sasa Furaha anamaliza sekondari. Mwanzo baba yake alipiga simu kila Jumapili, halafu Noeli tu, halafu hata Noeli ikapita kimya. Siku nilipoona picha yake ku simu ya jirani, na bibi mwingine na watoto wawili, nilikuficha jambo hilo. Miaka mine nilikuambia, "Dezire anakusalimia, Mama." Nawe ulijibu, "Na mimi ninamusalimia," ukaendelea kusuka kikapu chako.

Ulipolala mugonjwa, nikikukanda miguu na mawese, njo ukaniambia, "Esperanse, niko muzee, siko kipofu. Zile salamu wewe njo ulikuwa unazitunga. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utaenda." Tulicheka, Mama, mpaka kikohozi kikakushika. Kisha ukasema, "Nikikufa, uende ku tribinali. Usibakie bibi ya muntu asiyerudi."

Nilingoja matanga yako yaishe, na mwaka mzima baadaye. Dezire sikumuogopa. Niliogopa familia. Niliwaza ng'ombe za mahari zilizopelekwa kwa baba yangu, niliwaza shamba la kilimani, na zaidi niliwaza kuambiwa nitoke nyumbani mwako hapa Bihambwe.

Mwishowe nilienda ku tribinali. Dezire alituma karatasi ya kumuruhusu mudogo wake Inosenti aseme kwa jina lake. Juji akauliza kama familia inadai kitu. Inosenti akasimama, kofia mkononi. Unamujua, maneno yake ni machache.

"Juji, huyu aliosha mama yetu mpaka siku ya mwisho. Hatudai kitu. Dezire anamuacha. Sisi hatumuachi."

Nilikuwa nimeapa kutolia mbele ya watu. Nililia ndani ya kitenge changu kama mutoto.

Tulipotoka, Inosenti alimupigia kaka yake na kunipa simu. Miaka yote hii nilikuwa na maneno ya kumuambia Dezire, mengine makali sana. Alisema tu, "Aksanti kwa ajili ya Mama." Yale maneno nikayaacha. Nilimueleza mahali tulipokuzika, maana hakuwahi kuuliza. Nikamuambia Furaha ana simu yake mwenyewe sasa, amupigie yeye.

Nilirudi nyumbani nimechoka, lakini nililala vizuri.

Najua ungeuliza kama kuna bwana mwingine. Hayuko. Kuna dereva mmoja wa lori, wa kule Mubi, aliyefiwa na bibi yake. Kila akipita ananunua maharagi kwangu, mengi kuliko anayoweza kula. Furaha anacheka. Mimi bado sijamujibu, kwa sababu hajauliza.

Mama, pumzika. Nyumba yako inafagiliwa, na watu bado wananiita bukwe wako, bibi ya mutoto wako, siwakatazi. Ninakuahidi neno moja: muntu yule akiuliza, mbele ya kumujibu nitamuleta hapo ulipolala, asimame, avue kofia, ajue kwamba mama mukwe niko naye tayari.

Mutoto wako,
Esperanse