Doa la Unyayoni mwa Juma

Zuhura mjukuu wangu,

Huku mtaani Huruma, bibi yako, yaani mke mwenzio, ni mzima, na mimi bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote mtaani.

Umeniuliza kama uongeze mafunzo ya ngozi kwenye udaktari wako wa familia, maana wenzako wanakucheka: "Daktari wa vipele!" Sikiliza, mama. Ujanani, mimi na ndugu yangu Juma tulikuwa mafundi wa magari kule eneo la viwanda, Industrial Area. Juma akatokwa na doa jeusi unyayoni. Daktari alilitazama kwa mbali akacheka: "Fundi, hiyo ni grisi. Sugua na mafuta ya taa."

Juma alisugua kila jioni mpaka ngozi ikachubuka. Ilikuwa saratani. Tulimzika.

Sasa Mama Njeri, jirani yetu, ana doa kama lile kisiginoni. Kliniki wamempa dawa ya fangasi bila hata kumwambia avue kiatu. Nimembembeleza aende hospitali kubwa, hataki; eti daktari ameshasema.

Nikamwambia, "Ngoja, mjukuu wangu anasomea hayo."

Akauliza utamaliza lini. Mimi, bingwa wa maneno, nikahesabu miaka yako ya masomo iliyobaki, nikaona doa lake halitaingoja, nikaja kukuandikia barua hii.

Kasome hata hivyo.

Babu yako,
Mzee Salim